Mnunuzi akisomba rafu nzima, jiulize anapeleka wapi

Dawa ya mafua, sabuni ya kufulia na friji ni vitu vya kila nyumba. Lakini katika nchi kadha vimewahi kuwa malighafi, sarafu na maficho ya pesa za walanguzi wa mihadarati.

WEWE msomaji unapopitia dukani jioni ukitoka kazini, aghalabu hununua kwa kipimo cha mfuko wako. Utachukua paketi mbili za maziwa, unga wa kilo mbili, kipande cha sabuni na labda tembe za mafua ikiwa mtoto ameanza kupiga chafya. Mwenye duka amekuzoea. Hata bila kukuuliza, anajua mko wangapi nyumbani kwa kutazama tu unachobeba.

Sasa tuseme ameingia mgeni. Hataki unga wala maziwa. Anataka dawa ya mafua, tena si pakiti moja bali kila pakiti iliyo kwenye rafu. Hasemi nani mgonjwa. Haulizi bei. Anatoa noti mpya, anakataa risiti, na nje gari linamngoja injini ikinguruma.

Je, lau ungekuwa nyuma ya kaunta, ungefanyaje? Wengi wetu tungehesabu pesa, tukamshukuru Mola kwa mauzo ya siku hiyo na kunyamaza. Biashara ni ngumu, na mnunuzi hafukuzwi.

Hata hivyo, maofisa wanaopambana na dawa za kulevya katika nchi nyingi wamejifunza kwa gharama kubwa kwamba njia ya mihadarati haianzii bandarini peke yake. Mara nyingine huanzia dukani, mbele ya macho ya watu, kwa bidhaa zilizo halali kabisa.

Dawa yageuzwa sumu

Baadhi ya dawa za kufungua pua iliyoziba huwa na kemikali iitwayo pseudoefedrini. Kwa mgonjwa, hiyo ni tiba. Kwa mtengenezaji wa mihadarati, hiyo ni malighafi ya methamfetamini, dawa ya kulevya ambayo huko Afrika Kusini vijana huiita tik.

Methamfetamini huchangamsha ubongo kupita kiasi. Mtumiaji anaweza kukesha siku kadha bila usingizi wala hamu ya chakula. Hatimaye hukonda, meno huoza, na huanza kuwashuku watu wa nyumbani mwake na hata kusikia sauti zisizokuwapo. Kumwachisha ni kazi inayohitaji subira ya familia nzima.

Nchini Marekani, utengenezaji wa dawa hii ulienea mno katika miaka ya tisini na mwanzoni mwa karne hii. Viwanda vyenyewe havikuwa na bomba la moshi wala lango la chuma. Vilikuwa jikoni, katika banda la gari, katika chumba cha hoteli ya bei nafuu, hata kwenye buti la gari. Mwaka wa 2004 pekee, maofisa wa huko waliorodhesha visa zaidi ya 20,000 vya viwanda hivyo na mahali palipotupwa taka zake.

Watengenezaji hao hawakuhitaji meli wala rubani. Walichohitaji ni kigari cha supamaketi. Walizoa dawa za mafua, na pamoja nazo betri, viberiti na dawa za kuzibulia mabomba, kwa wingi ambao hakuna nyumba ingeweza kuutumia.

Madhara yake hayakuishia kwa watumiaji. Mvuke wa kemikali hizo huwaka kwa urahisi. Nyumba ziliteketea, na watu wakaungua vibaya. Polisi walipovunja milango, mara nyingi walikuta watoto wadogo wakilala na kula katika vyumba vilivyojaa sumu. Majirani walikuwa wamesikia harufu kali kwa wiki nyingi na kudhani ni rangi ya nyumba.

Ndipo Machi 2006 Rais George W. Bush alipotia saini sheria ya kudhibiti uuzaji wa dawa zenye pseudoefedrini. Kuanzia Septemba mwaka huo, dawa hizo ziliondolewa kwenye rafu za wazi na kuwekwa nyuma ya kaunta. Mnunuzi alitakiwa aonyeshe kitambulisho na kutia saini daftarini. Hakuruhusiwa kuuziwa zaidi ya gramu 3.6 za kemikali hiyo kwa siku moja, wala kununua zaidi ya gramu 9 katika siku 30.

Jimbo la Oregon lilikwenda mbali zaidi mwaka huo huo wa 2006, likaamuru kwamba lazima mtu awe na cheti cha daktari. Nchi ya Mexico nayo ilipiga marufuku kemikali hiyo mwaka wa 2008.

Haba na haba

Utadhani hapo mambo yalikwisha. La! Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na wahalifu nao wanazijua methali.

Badala ya mtu mmoja kununua pakiti 100, walitafuta watu 50, kila mmoja anunue pakiti mbili. Polisi wa Marekani waliwapa wanunuzi hao jina la wale vijitu wa samawati wa katuni ya Smurfs, kwa kuwa walikuwa wadogo wadogo na wengi. Kila mmoja wao aliingia dukani kwa adabu, akaonyesha kitambulisho chake halisi, akanunua kiasi kinachoruhusiwa na kutoka. Kando ya barabara alimkabidhi tajiri wake pakiti hizo na kulipwa taslimu, au kwa dawa ya kulevya yenyewe.

Ni akina nani waliotumwa? Walikuwamo mateja waliotafuta dozi ya siku. Walikuwamo pia watu wasio na kazi na vijana waliohitaji pesa za haraka, ambao hawakuwa wamewahi kuonja mihadarati maishani mwao.

Hapa ndipo nakuomba wewe mwanafunzi usome kwa makini. Anayetaka kukutumia hatakwambia, "Njoo tuuze dawa za kulevya." Atakwambia, "Hebu niingilie hapo ndani uninunulie pakiti mbili tu, mimi nimekwisha chukua zangu. Chenji ni yako." Kazi yaonekana nyepesi na malipo ni manono. Lakini jina lililoandikwa daftarini ni lako, si lake. Siku askari watakapokuja, watakuja kwenu.

Australia ilipambana na hila hiyo kwa kuunganisha maduka. Mwaka wa 2005 chama cha wenye maduka ya dawa kilianzisha katika jimbo la Queensland mpango wa kompyuta uitwao Project STOP. Muuza dawa huandika nambari ya kitambulisho cha mnunuzi, na mara moja huona kama mtu huyo amekwisha kununua dawa hiyo hiyo katika duka jingine. Marekani nayo ilikuja kutumia mtambo wa aina hiyo katika majimbo mengi.

Viwanda vya jikoni vilikuja kupungua sana huko Marekani. Hata hivyo, magenge makubwa ya Mexico yalijaza pengo, yakinunua kemikali kwa tani badala ya pakiti. Machi 2007, polisi walivamia jumba moja la kifahari mjini Mexico City wakakuta dola milioni 205 taslimu. Mwenye jumba, mfanyabiashara Zhenli Ye Gon, alishtakiwa kwamba aliingiza nchini humo kemikali za kutengenezea methamfetamini. Yeye alikana mashtaka hayo.

Sabuni yageuka sarafu

Kuna kisa kingine ambacho kitakushangaza zaidi, msomaji, kwa sababu bidhaa yenyewe haina kileo chochote ndani yake. Nacho ni kisa cha sabuni ya maji ya kufulia iitwayo Tide.

Mwaka wa 2012 magazeti ya Marekani yaliandika sana kuhusu wizi wa sabuni hiyo. Katika wilaya ya Prince George's, jimbo la Maryland, supamaketi moja ilikuwa ikipoteza sabuni ya maelfu ya dola kila mwezi. Watu walijaza vigari vyao chupa za Tide na kutoka mbio bila kulipa. Polisi walipofuatilia, waligundua kwamba wengi wa wezi hao walikuwa watumiaji wa mihadarati.

Chupa kubwa iliyouzwa dukani kwa karibu dola 20 ilibadilishwa mitaani kwa dola 5 taslimu, au kwa bangi au kokeini ya kuvuta yenye thamani ya dola 10. Muuza mihadarati naye aliziuza kwa vijiduka visivyouliza maswali, vikaziweka tena kwenye rafu na kupata faida.

Kwa nini sabuni? Kwa sababu kila nyumba hufua. Haiozi, haina nambari ya kuitambulisha kama simu au televisheni, jina lake linajulikana na wateja hawakosekani. Kitu chenye sifa hizo kinaweza kushika mahali pa pesa popote pale, kiwe sabuni, mafuta ya kupikia au maziwa ya watoto ya kopo.

Wapo waliosema kwamba habari hizo zilitiwa chumvi, na kwamba si kila mwizi wa sabuni alikuwa teja. Hiyo yaweza kuwa kweli. Lakini funzo kwa mwenye duka linabaki: ukiletewa katoni za sabuni kwa nusu ya bei ya jumla, jua kuna mtu mahali fulani aliyeibiwa, na huenda kuna kijana anayeangamia.

Friji zilizonunuliwa kwa kokeini

Tumeona bidhaa ikitumiwa kutengeneza dawa, na bidhaa ikitumiwa kununua dawa. Njia ya tatu ndiyo iliyofichika zaidi. Ni ile ya kununua bidhaa nyingi ili kusafisha pesa chafu.

Chukua mfano wa mlanguzi wa Colombia aliyeuza kokeini New York. Ana magunia ya dola. Akizipeleka benki ataulizwa amezitoa wapi. Akizisafirisha zitakamatwa. Naye anahitaji pesa za kwao, yaani peso, ili awalipe watu wake nyumbani.

Wakati huo huo, kuna mfanyabiashara kule Bogotá anayetaka friji na mashine za kufulia kutoka Marekani. Anahitaji dola, lakini hataki kupitia benki kwa sababu ya gharama, kodi na makaratasi.

Hapo hujitokeza dalali. Dalali huchukua dola za mlanguzi huko huko Marekani na kuzitumia kulipia friji. Friji zinasafirishwa hadi Colombia. Mfanyabiashara anamlipa dalali kwa peso, na dalali anampa mlanguzi peso hizo baada ya kukata chake. Dola hazikuvuka mpaka hata kidogo. Kilichovuka ni friji.

Wizara ya Fedha ya Marekani ilitoa tahadhari kwa benki kuhusu mtindo huo Novemba 1997. Miongoni mwa bidhaa zilizotumiwa sana ni vyombo vya nyumbani vya umeme, sigara, pombe kali na vipuri vya magari. Hata vitu vya kuchezea watoto havikusazwa. Mwaka wa 2010 wakuu wa kampuni moja ya wanasesere mjini Los Angeles walitiwa mbaroni katika kesi ya aina hiyo. Pesa za kokeini zilikuwa zikilipia dubu wa manyoya waliopelekwa Colombia.

Mji huo huo ulitikisika tena Septemba 2014. Maofisa wapatao 1,000 walivamia maduka katika mtaa wa wauza nguo na kunasa pesa zilizozidi dola milioni 65. Walidai kwamba baadhi ya maduka hayo yalikuwa yakipokea taslimu za magenge ya Mexico na kutuma mizigo ya nguo mahali pake.

Pengine utasema, "Mimi nina duka la mtaani, yananihusu nini ya Los Angeles?" Yanakuhusu. Mwenye pesa chafu haangalii faida kama wewe. Anaweza kununua ghali na kuuza kwa hasara, kwani lengo lake ni kupata karatasi inayosema pesa zile zimetokana na biashara. Wewe unayelipa kodi na mkopo huwezi kushindana na bei zake. Utafunga duka, yeye abaki.

Na hapa kwetu?

Kenya si kisiwa. Desemba 2004 polisi walinasa zaidi ya tani moja ya kokeini huko Malindi na Nairobi. Aprili 2014 manowari ya Australia iitwayo Darwin ilikamata kilo 1,032 za heroini katika jahazi mashariki ya Mombasa. Mzigo huo ulikuwa umefichwa kati ya magunia ya saruji, bidhaa ambayo kila mjenzi anaihitaji.

Ndugu wawili wa Mombasa, Baktash na Ibrahim Akasha, walipelekwa Marekani Januari 2017 na kukiri makosa yao Oktoba 2018. Baktash alifungwa miaka 25 mnamo Agosti 2019, na Ibrahim miaka 23 mnamo Januari 2020. Waendesha mashtaka walieleza kwamba, mbali na heroini, kulikuwa na mpango wa kupata efedrini kwa tani kutoka India ili itengenezwe methamfetamini nchini Msumbiji. Efedrini ni ndugu wa karibu wa kemikali ile ya dawa za mafua. Na katika mwaka wa 2024, makachero wa Kenya walitangaza kuvamia mahali walipodai ni kiwanda cha methamfetamini huko Namanga, mpakani mwa nchi yetu na Tanzania.

Sheria tunazo. Ile ya mihadarati ni ya mwaka wa 1994, na ile ya kupambana na usafishaji wa pesa chafu ni ya 2009. Aidha, tangu 1992 Kenya imo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 kuhusu biashara haramu ya mihadarati. Kifungu cha 12 cha mkataba huo kinataka watengenezaji, waagizaji, wauzaji wa jumla na hata wa rejareja washirikiane na serikali kwa kutoa habari za maagizo ya kemikali yanayotiliwa shaka. Kwa maneno mengine, macho ya mwenye duka yanatambuliwa na dunia nzima kuwa ni kinga.

Si kila gunia ni hatia

Lakini tahadhari! Tusije tukageuka watu wa kumnyoshea kidole kila aliyebeba katoni. Sisi Wakenya tunanunua kwa wingi, na sababu zetu ni njema.

Kuna harusi na kuna matanga. Kuna mama wa kibanda anayejaza rafu zake kila Jumatatu, na mhasibu wa shule ya bweni anayenunua sabuni ya wanafunzi 600. Kuna chama cha akina mama kinachogawana sukari na mafuta ya kupikia mwisho wa mwaka. Na ikifika Desemba, nani asiyepakia gari akielekea mashambani kwa wazazi? Hata mwenye jamaa kubwa huona ni nafuu kununua balo moja la unga kuliko pakiti moja moja.

Watu wa namna hii wana hadithi inayoeleweka. Ukiwauliza "Ni sherehe gani?" watakueleza mpaka uchoke, na huenda wakakualika. Watabishania bei. Watadai risiti, kwa sababu kuna watu watakaotaka hesabu.

Mnunuzi wa kutiliwa shaka huonekana kwa mambo kadha yakikutana pamoja, wala si kwa jambo moja. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Tazama haya:

• Anataka bidhaa ya aina moja au mbili tu, kwa wingi usiolingana na nyumba wala biashara yoyote anayoitaja.

• Hajali bei, analipa taslimu nyingi, na hataki risiti wala jina lake liandikwe.

• Watu kadha wanaingia mmoja mmoja, wananunua kitu kile kile, kisha wanakutana kwenye gari moja.

• Ukimuuliza matumizi, anakasirika au anabadilisha maelezo.

• Anaomba upelekewe mzigo mahali pasipo duka wala makazi, au anataka ankara iandikwe bidhaa tofauti na alizonunua.

Kwa mwenye nyumba za kupangisha, dalili ni nyingine. Mpangaji amefunika madirisha mchana na usiku, harufu kali ya kemikali haikatiki, na taka zake ni maganda matupu ya tembe na chupa za kemikali zisizolingana na maisha ya kawaida.

Ufanye nini?

Kwanza, usijitie ushujaa. Usimfuate mtu huyo, usimkabili, wala usipige kelele za mwizi. Umati ukikusanyika unaweza kumuua mtu aliyekuwa akinunulia arusi ya dada yake, na damu hiyo itakuwa juu yako.

Pili, kumbuka ulichoona kwa macho, si ulichodhani. Andika saa, bidhaa, kiasi na nambari ya gari. Kisha mpe habari mkuu wa kituo cha polisi kilicho karibu, au upige simu 999 au 112. Polisi ndio wenye kazi ya kuchunguza kama mtu ana hatia au hana.

Tatu, ikiwa unauza dawa, shika maadili ya kazi yako. Kumuuza mtu mmoja dawa ya mafua ya kutosha kijiji kizima si ukarimu. Mwombe cheti, muulize mgonjwa ni nani, na ukiona shaka mwambie huna ya kutosha. Hasara ya siku moja haiwezi kulinganishwa na kupokonywa leseni.

Nne, mzazi, zungumza na watoto wako kuhusu "kazi ndogo" wanazopewa na watu wasiowajua. Kijana akija na viatu vipya, usifurahie viatu tu. Muulize kwa upole vimetoka wapi. Na ikiwa mihadarati imekwisha kuingia nyumbani kwako, usifiche kwa aibu. Mamlaka ya NACADA ina simu ya bure, 1192, ambapo utapata ushauri na kuelekezwa mahali pa tiba.

Mlanguzi anaweza kununua karibu kila kitu kwa pesa zake. Anachohitaji zaidi, na ambacho hakiuzwi kwenye rafu yoyote, ni watu wa kunyamaza. Hicho usimpe, hata akikuachia chenji.